Kwao ni Bikrampur: shajara ya mradi wa vibao

3 Juni

Leo nafungua daftari la mradi huu, maana mambo yameanza kuwa mengi na kichwa hakiwezi kuyabeba yote. Tunatengeneza vibao kumi na viwili vya Kiswahili, vitakavyotundikwa katika chumba cha kusomea cha maktaba yetu ya mtaani hapa Mombasa. Vyote vinahusu watu mashuhuri ambao kwao ni Bikrampur, nchi ya mito iliyo kusini ya Dhaka, Bangladesh.

Watu wananiuliza kwa nini Bikrampur, mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika. Sababu ni Sarojini Naidu. Januari 1924 alikuja Mombasa kuongoza mkutano wa Kongresi ya Wahindi wa Afrika Mashariki. Siasa za Kenya zilikuwa zimechemka wakati ule. Mwaka 1923 serikali ya Uingereza ilitoa waraka uliosema kwamba maslahi ya Waafrika ndiyo yatakayotangulizwa, lakini Nyanda za Juu zikabaki mikononi mwa walowezi wa Kizungu, na Wahindi wakanyimwa daftari moja la wapiga kura pamoja na Wazungu. Naidu alikuwa mshairi kabla ya kuwa mwanasiasa, na mwaka 1925 akawa mwanamke wa kwanza wa Kihindi kuchaguliwa rais wa Kongresi ya Taifa ya India.

Nilipowasimulia vijana wa maktaba habari hizi mwezi uliopita, msichana mmoja wa miaka 13 aliinua mkono. "Mwalimu, huyu mama kwao ni wapi?"

Nikamjibu Hyderabad, maana ndiko alikozaliwa mwaka 1879.

Akaniangalia. "Huko ni alikozaliwa, Mwalimu. Mimi nimeuliza kwao."

Nilirudi nyumbani nikasoma hadi usiku. Baba yake Sarojini, Aghorenath Chattopadhyay, alikuwa Mbengali aliyepata udaktari wa sayansi Edinburgh, kisha akahamia Hyderabad na kuanzisha chuo kilichokuja kuitwa Nizam College. Ukoo wake ulitoka kijiji cha Brahmangaon, Bikrampur. Nikaendelea kuwatafuta wengine wanaohesabiwa kuwa wa huko, na kila nilipogeuza ukurasa nikakutana na jina ninalolijua kwa jambo jingine kabisa: fizikia, mashairi, kuogelea, dini ya Buddha kule Tibet. Sikujua kamwe kwamba wote hao ni wa nchi moja ndogo. Mradi ulianzia hapo.

9 Juni

Nimeshughulika na ramani. Ukiitafuta Bikrampur katika orodha ya wilaya za Bangladesh huipati. Leo wilaya inaitwa Munshiganj, na ilifanywa wilaya kamili mwaka 1984. Kabla ya hapo ilikuwa chini ya Dhaka. Lakini mwenyeji wa Munshiganj akisema kwao ni Bikrampur kila mtu anamwelewa. Ni jina la zamani sana. Wafalme wa Chandra, wa Varman na wa Sena walikuwa na makao yao hapo, karne nyingi kabla Dhaka haijawa mji wa kutajwa.

Mto ndio uliovuruga mipaka. Padma, ambao ndio mkondo mkuu wa Ganges ukishaingia Bangladesh, ulihama njia yake na kuikata Bikrampur vipande viwili, ya kaskazini na ya kusini. Upande wa kusini sasa uko katika wilaya ya Shariatpur. Wenyeji waliupa mto huo jina la pili, Kirtinasha, yaani mwangamizaji wa kazi za fahari, kwa vile ulimeza majumba na mahekalu ya matajiri bila kubakiza kitu. Mwaka 2022 daraja la Padma lilifunguliwa kutoka Mawa, upande wa Munshiganj. Lina urefu wa kilomita 6.15. Niliwaambia vijana kwamba ukilivuka kwa miguu kwa mwendo wa kawaida utatumia zaidi ya saa nzima ukiwa juu ya maji, wakanyamaza. Wamezoea kuona ng'ambo ya Likoni kwa macho.

17 Juni

Orodha ya kwanza imekamilika na imeniharibia siku.

Nilikuwa nimeandika kichwa cha maonyesho "Wazaliwa wa Bikrampur". Kibao kimoja ni ramani, vilivyobaki kumi na kimoja ni vya watu. Nikaanza kuhakiki mahali pa kuzaliwa, jina kwa jina. Jagadish Chandra Bose, mwanasayansi, alizaliwa Mymensingh. Chittaranjan Das, wakili na mwanasiasa, Kolkata. Mshairi Jibanananda Das, Barisal. Mwandishi wa riwaya Manik Bandyopadhyay, Dumka, mbali kabisa magharibi. Buddhadeb Bose, mshairi na mhakiki aliyeanzisha idara ya fasihi linganishi katika Chuo Kikuu cha Jadavpur mwaka 1956, Comilla. Na Sarojini mwenyewe, aliyetuingiza katika kazi hii, Hyderabad. Vibao sita kati ya kumi na kimoja vinaanguka kwa neno moja tu, "wazaliwa".

Nimefikiria kuliacha neno hilo na kutafuta watu wengine waliozaliwa huko. Wapo wa kutosha. Lakini vitabu vya Wabengali vyenyewe vinawahesabu hao sita bila kusita, kwa hiyo kuna kitu sijakielewa.

22 Juni

Mpwa wangu anafanya kazi bandarini. Leo ameniletea mgeni, fundi mitambo wa meli iliyotia nanga Kilindini, mwenyeji wa Sirajdikhan, Munshiganj. Alikuwa na nusu siku ya kushuka nchi kavu, akaitoa kwetu. Mungu ambariki.

Alitusaidia kwanza na matamshi. Halafu tukaingia kwenye nasaba na hapo ndipo tulipopotezana. Anajua Kiswahili cha bandarini kidogo, anachanganya na Kiingereza na Kibengali chake. Alipoona jina la Rarikhal kwenye ramani uso ulimchangamka, akasema, "Mama, Rarikhal, mwalimu!" Nikaandika haraka kwamba mama yake mzazi alikuwa mwalimu Rarikhal. Nikamuuliza alisomesha somo gani huyo mama. Akasema hesabu, na kwamba alikuwa na ndevu ndefu.

Kumbe kwa Kibengali mama ni mjomba, ndugu wa kiume wa mama mzazi. Tukaanza kulinganisha maneno, na vijana wote wakasogea mezani. Baba ni baba, kwao na kwetu. Kaka, kwao, ni ndugu mdogo wa baba, yaani baba mdogo. Dada, kwa Wahindu wa kwao, ni kaka mkubwa, na kwa Waislamu ni babu mzaa baba. Msichana wetu wa miaka 13 alichora jedwali papo hapo, nami nimelibandika ndani ya jalada la daftari hili ili nisirudie kosa. Nililazimika kurudi kwenye maandishi yangu yote ya nasaba na kuyakagua tena.

Nikamweleza tatizo la orodha. Hakuliona kuwa ni tatizo. Akasema mtu wa Dhaka ana basha na ana bari. Basha ni nyumba anamoishi, mara nyingi ya kupanga. Bari ni nyumba ya ukoo, kijijini, hata kama yeye mwenyewe hajawahi kulala humo. Ukimwuliza mtu "bari kothay?", yaani bari yako iko wapi, hakutajii mtaa wa Dhaka hata kidogo, anakutajia kijiji.

Msichana akanitazama bila kusema neno. Alikuwa amekwisha kuniambia jambo hilo hilo mwezi Mei, kwa Kiswahili.

1 Julai

Kichwa kimebadilika. Sasa ni "Kwao ni Bikrampur", na majina yote kumi na moja yamerudi mahali pake. Kila kibao kitakuwa na mistari miwili juu, mmoja wa alikozaliwa na mwingine wa kwao. Mistari hiyo ikilingana, sawa. Isipolingana, msomaji aone kwa macho yake.

Mimi nimezaliwa Mombasa, na baba yangu pia. Lakini nikiulizwa kwetu nasema Siyu, kisiwani Pate, kwa kuwa ndiko alikotoka babu. Nyumba yake sikuikuta, nilikuta kuta mbili na mwarobaini. Wala sijawahi kuona kwamba nasema uongo ninaposema Siyu. Iweje nimkatalie Sarojini Naidu Brahmangaon?

8 Julai

Kibao cha Jagadish Chandra Bose, yule mwanasayansi. Hiki nimekipa nafasi kubwa kuliko vyote na sijutii.

Alizaliwa 30 Novemba 1858. Nyumba ya ukoo iko Rarikhal, na leo ndipo penye shule na chuo chenye jina lake, pamoja na chumba cha makumbusho. Baba yake alikuwa ofisa wa serikali. Maofisa wenzake waliwapeleka watoto wao shule za Kiingereza, yeye akampeleka mwanawe shule ya Kibengali, akitaka aijue lugha yake na watu wake kabla ya kujua Kiingereza. Mwaka 1915, katika mkutano uliofanyika Bikrampur, Bose aliikumbuka shule hiyo mbele ya watu wa kwao. Kulia kwake alikaa mtoto wa mhudumu Mwislamu wa baba yake, na kushoto mtoto wa mvuvi. Hao ndio waliomsimulia habari za ndege, wanyama na viumbe wa majini, na pengine, alisema, hapo ndipo ilipozaliwa hamu yake ya kuchunguza maumbile. Walipotoka shule wakaenda nyumbani kwa Bose, mama yake aliwapokea wote na kuwalisha bila ubaguzi.

Nimeiweka habari hii juu kabisa ya kibao, mbele ya fizikia. Hapa kwetu bado kuna wazazi wanaomkanya mtoto asizungumze Kiswahili nyumbani eti asije akachelewa shuleni. Nataka waisome wakiwa wamesimama na watoto wao.

Chini yake nimeweka habari ya mshahara. Alipoanza kufundisha Presidency College, Kolkata, mwaka 1885, profesa Mhindi alilipwa theluthi mbili ya mshahara wa Mzungu, na kwa kuwa nafasi yake ilikuwa ya muda, akakatwa tena nusu ya hiyo theluthi mbili. Hakuacha kufundisha. Aliukataa mshahara wenyewe, mwezi baada ya mwezi, miaka mitatu mizima, hadi wakubwa wakamthibitisha kazini na kumlipa kikamilifu tangu siku ya kwanza.

Sasa fizikia. Mwaka 1895, katika ukumbi wa Town Hall wa Kolkata, alituma mawimbi ya redio yakapenya ukuta, yakapiga kengele na kulipua baruti upande wa pili. Mawimbi aliyoyatumia katika utafiti wake yalikuwa mafupi sana, ya milimita chache, na vyombo vyote alivitengenezea huko huko Kolkata. Tulihangaika jinsi ya kuwaonyesha vijana jambo hilo hadi nikakumbuka juti.

Wimbi la redio hutikisika kwa mwelekeo wake, tuseme juu na chini, au kushoto na kulia. Mwaka 1898 Bose alichukua nyuzi za juti, zao la kwao Bengal, akazisokota vifungu vifungu na kupitisha mawimbi ndani yake. Mwelekeo wa wimbi ukageuka. Vifungu vilivyosokotwa kwa kulia viliugeuza huku, na vilivyosokotwa kwa kushoto viliugeuza kule. Kwa uzi wa gunia alitengeneza mfano wa namna sukari inavyoigeuza nuru inayopita ndani ya maji yake.

Nilinunua gunia kuukuu la kahawa, la juti halisi, si haya ya plastiki. Vijana walilifumua sakafuni mchana kutwa. Chumba kilijaa vumbi la kahawa na nyuzi zilitushika kwenye nguo mpaka jioni. Msichana wetu ndiye aliyekuwa na mkono mzuri: analowesha ncha kwa mate, anaviringisha juu ya paja kama anayesokota kamba ya nazi, anafunga fundo. Amesokota vifungu thelathini vya kulia na thelathini vya kushoto, navyo tumevishona kwenye kibao katika mafungu mawili, ili mtu aviguse. Aliniuliza kama Bose naye alisokota kwa paja. Nimeliandika swali lake hapa kwa sababu nimelipenda.

19 Julai

Kosa langu, na limekula turubai moja zima.

Kibao cha Atish Dipankar, mtawa na msomi wa Kibuddha, kilikuwa kimekwisha chapishwa, kimeandikwa kwamba alikuwa mkuu wa chuo cha Vikramashila "huko huko kwao". Sivyo. Vikramashila ilikuwa Bihar, mbali sana na Bikrampur. Kwa Kisanskriti Bikrampur huandikwa Vikramapura, majina yakanichanganya, na sikurudi kuhakiki. Aliyechapisha hana lawama yoyote. Tumekichapisha upya.

Kilichoandikwa sasa ni hiki. Alizaliwa mwaka 982, katika kijiji cha Vajrayogini. Alisafiri kwa bahari hadi Sumatra, akakaa miaka kumi na miwili kwa mwalimu wake, akarudi, akaongoza Vikramashila. Alipokaribia umri wa miaka sitini Watibeti walimwalika akafufue mafundisho ya Buddha kwao, akaivuka milima, akafika mwaka 1042. Hakurudi tena. Alifariki karibu na Lhasa mwaka 1054. Mwaka 1978 sehemu ya majivu yake ilitolewa China ikapelekwa Dhaka, nayo imehifadhiwa katika monasteri ya Kibuddha ya Dharmarajika.

Kinachonigusa zaidi ni kiwanja chake kijijini. Kule Bengal nyumba hujengwa juu ya tuta la udongo lililoinuliwa ili mafuriko yasiifikie, na tuta hilo huitwa bhita. Karne zilipita, Ubuddha ukatoweka katika eneo lile, wanakijiji wakawa wa dini nyingine, lakini tuta la Atish hawakulisahau. Waliliita Nastik Panditer Bhita, tuta la msomi asiyeamini Mungu. Imani yake hawakuwa wanaielewa tena, ila walijua kwamba hapa palikuwa kwao mtu mkubwa. Tangu 2013 wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua mabaki ya monasteri ya Kibuddha katika kijiji cha Raghurampur, na mengine Nateshwar, chini ya mashamba ya wilaya ile ile inayosifika kwa viazi.

26 Julai

Binoy Basu, Badal Gupta na Dinesh Gupta wako kwenye kibao kimoja. Vijiji vyao ni Rohitbhog, Purba Shimulia na Josholong, vyote Bikrampur. Tarehe 8 Desemba 1930 waliingia Writers' Building, makao ya serikali ya kikoloni Kolkata, wamevaa suti za Kizungu, wakampiga risasi na kumuua Kanali N. S. Simpson, mkuu wa magereza, aliyejulikana kwa kuwatesa wafungwa wa kisiasa. Polisi walipowazingira, Badal alimeza sumu akafa pale pale. Binoy na Dinesh walijipiga risasi. Binoy alifariki siku tano baadaye. Dinesh aliuguzwa hadi akapona, kisha akanyongwa tarehe 7 Julai 1931. Badal alikuwa na umri wa miaka 18, Dinesh 19 na Binoy 22. Uwanja ulio mbele ya jengo lile sasa unaitwa kwa herufi za majina yao, B.B.D. Bagh.

Mzazi mmoja aliniomba nisiwaweke, kwa kuwa tunao vijana wa umri huo huo na mtaa wetu umekwisha kuzika wa kutosha. Nilimsikiliza na nilikesha nalo. Nimewaacha, lakini nimeondoa picha ya bastola iliyokuwa katika rasimu, na umri wao nimeuandika kwa tarakimu kubwa kuliko kitu kingine chochote kwenye kibao. Nadhani ni haki kwao na kwa mzazi yule pia.

2 Agosti

Kibao cha Brojen Das kimekamilika kwa siku moja. Mzaliwa wa Kuchiamora, 1927. Mwaka 1958 alikuwa Mwasia wa kwanza kuogelea kuvuka mlango wa bahari ulio kati ya Ufaransa na Uingereza. Akauvuka mara sita kwa jumla, na mwaka 1961 akaweka rekodi ya saa 10 na dakika 35. Kwa mtoto aliyekulia kwenye nchi inayofunikwa na maji miezi kadhaa ya kila mwaka, kuogelea kulianza kama kutembea. Vijana wa Mji wa Kale wanaojirusha baharini kutoka ukutani hawakuhitaji maelezo zaidi, walitaka tu kujua maji ya kule yana baridi kiasi gani.

11 Agosti

Wanawake ni wachache mno na jambo hili linanisumbua. Nilikuwa na Sarojini peke yake. Leo tumejadiliana juu ya Kadambini Ganguly, mmoja wa wanawake wawili wa kwanza kuhitimu Chuo Kikuu cha Calcutta, mwaka 1883, kisha akasomea udaktari wa tiba na kutibu wagonjwa huku wenye magazeti wakimkejeli. Kwao Kadambini si Bikrampur, ukoo wake ni wa Barisal. Wa Bikrampur ni mumewe, Dwarkanath Ganguly wa Magurkhanda, mhariri aliyepigania shule za wasichana na aliyekwenda Assam kuchunguza mateso ya vibarua wa mashamba ya chai.

Swali likawa je, mwanamke akiolewa, kwao panahama? Mabinti walikataa kwa sauti moja. Wavulana wawili walijaribu kubisha, wakazidiwa. Tumeamua kibao kiwe cha Dwarkanath, Kadambini apewe nusu nzima ya nafasi, na juu ya jina lake paandikwe "Kwao: Barisal". Ndicho kibao pekee chenye wilaya ya watu wengine, na kitakaa hivyo.

Chittaranjan Das nimemaliza kwa haraka, maisha yake yanajulikana. Wakili aliyemtetea mpigania uhuru Aurobindo Ghose katika kesi ya mabomu ya Alipore, meya wa Kolkata mwaka 1924, akafariki Darjeeling mwaka 1925. Kwao ni Telirbagh. Wabengali walimwita Deshbandhu, rafiki wa nchi. Nilichokisisitiza ni mapatano ya 1923 aliyoyasimamia ili Wahindu na Waislamu wa Bengal wagawane kura na kazi kwa haki. Hayakudumu.

Humayun Azad ni wa Rarikhal kama Bose, na alisoma katika shule ile ile yenye jina la Bose. Mwanaisimu, mshairi, mkosoaji asiyeogopa. Februari 2004 alishambuliwa kwa mapanga alipokuwa akitoka kwenye maonyesho ya vitabu Dhaka. Agosti mwaka huo huo alifariki Munich, akarudishwa, akazikwa Rarikhal. Nilipoweka pini yake kwenye ramani ikagusana na ya Bose, na nimeziacha zigusane.

20 Agosti

Ramani ndiyo iliyobaki, na imetukwamisha kwa ajili ya kijiji kimoja.

Mshairi Jibanananda Das alizaliwa Barisal mwaka 1899. Aliyehamia Barisal ni babu yake, Sarbananda, kutoka kijiji cha Gaupara, Bikrampur, ukingoni mwa Padma. Gaupara haipo tena kwa sababu mto umeimeza. Mshairi aliyeandika juu ya mito, majani na ndege wa Bengal kwa mapenzi ambayo Wabengali wanayakariri hadi leo, na aliyefariki Kolkata mwaka 1954 baada ya kugongwa na tramu, kwao ni mahali ambapo pana maji tu.

Wengine wote tuna mahali pa kuchomeka pini. Yeye hana. Mmoja wetu alipendekeza tuweke pini Barisal na mambo yaishe. Mwingine akasema tuiweke ukingoni, karibu na hapo panapodhaniwa. Nilikuwa nimechoka na nilikaribia kukubali la pili, lakini tulikuwa tumekwisha kukubaliana kuhusu mistari miwili, alikozaliwa na kwao, na sikutaka tuivunje kwa mtu ambaye anaihitaji kuliko wote.

24 Agosti

Ramani tumeichora kwa mkono juu ya kitambaa cha marikani, mita mbili kwa moja na nusu. Mto Padma tumeupaka buluu iliyokolea, mpana kama ulivyo, umekula karibu theluthi ya kitambaa. Daraja ni mstari mwembamba mweupe. Vijiji tumeviandika kwa wino mweusi juu ya nchi kavu: Rarikhal, Vajrayogini, Telirbagh, Malkhanagar ya Buddhadeb, Kuchiamora na vinginevyo.

Msichana wetu aliomba brashi nyembamba na rangi nyeupe. Alipiga magoti juu ya kitambaa, akavua bangili zisichafue, akaandika GAUPARA katikati ya buluu, herufi moja moja, akisubiri kila moja ikauke kabla ya kuingia ya pili. Herufi ya P iliteleza kidogo upande wa chini. Alitaka kuifuta nikamwambia aiache.

28 Agosti

Hali ya kazi hadi leo: vibao tisa vimechapishwa na kukaguliwa. Cha Manik Bandyopadhyay bado, ninasubiri msomaji wa pili apitie aya ya riwaya yake ya 1936 juu ya wavuvi wa Padma. Cha Buddhadeb kina nafasi ndogo mno kwa jina la Malkhanagar, lazima nipunguze maneno. Ramani inahitaji pindo na vitanzi vya kutundikia. Fundi cherehani wa hapo jirani amekubali kuifanya kesho asubuhi bila malipo, ila ametaka kwanza aelezwe ni nani aliyeandika jina la mji ndani ya mto, na kwa nini.

Nitamtuma msichana akamweleze mwenyewe.